Mpiga Tarumbeta Aliyebaki Dubai

Jumanne, 10 Juni 2025

Leo nimepata ujumbe kutoka Tanga ambao si wa msiba wala wa harusi. Umetoka kwa Nabil, katibu wa Bendi ya Vijana ya Chumbageni, bendi niliyoipigia ngoma tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi hadi nilipopanda ndege kuja huku. Bendi inatimiza miaka arobaini. Mashindano ya mwaka huu yatafanyika kwetu, mwanzoni mwa Septemba, na bendi za vijana zitakuja kutoka Moshi, Morogoro, hadi Mombasa. Wanataka historia ya bendi isomwe uwanjani kabla ya gwaride kuanza.

"Dada Mwanamkasi, wewe ndiye ulikuwa unaandika vizuri," kaniambia. "Halafu huko una nafasi."

Nafasi! Nilikuwa mapokezi kwenye kliniki yetu ya meno hapa Oud Metha, mgonjwa kashika shavu mbele yangu na simu mbili zinalia. Lakini kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshajibu ndiyo. Kwenye kundi la WhatsApp la bendi mimi huwa nasoma tu. Nikiandika kitu, mazungumzo yanapita juu yake kama sijasema. Leo wameniwekea makofi.

Nitaandika na siku zangu humu, mkono uzoee.

Alhamisi, 12 Juni

AC ya chumbani inadondosha maji. Tumetega ndoo. Irene, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja hapa mtaa wa JVC, anasema sasa tuna kisima chetu wenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Mapumziko. Irene yuko kazini kwenye mgahawa wake wa kahawa. Nimekaa kitandani nikaandika ninayoyajua.

Bendi ilianzishwa na Afande Rafiq, aliyestaafu kutoka bendi ya polisi. Aliwakusanya wavulana waliokuwa wakizurura sokoni, akawapa matarumbeta ya zamani yasiyo na vitufe. Tarumbeta la namna ile lina sauti chache tu, na zote zinatoka mdomoni mwa mpigaji. Ukikosea huna pa kujificha. Sare zao za kwanza zilishonwa kwa mapazia ya sinema iliyofungwa, ndiyo maana hadi leo rangi yetu ni nyekundu iliyoiva. Miaka ikapita, msichana wa kwanza akaingia, Shifaa, naye alipiga tarumbeta kuliko wavulana. Waamuzi wa mashindano walikuwa wanapiga magoti kwenye nyasi kuangalia kama visigino vyetu viko kwenye mstari mmoja. Niliyapenda yale magoti kuliko vikombe. Mtu mzima na suti yake, amepiga magoti kutazama kisigino changu.

Halafu kuna Ubeid. Kila mtoto wa bendi aliambiwa habari zake. Mwaka tisini na nane bendi ilialikwa hapa Dubai kwenye tamasha la biashara. Siku ya kurudi, Ubeid, mpiga tarumbeta wa kwanza, akatoroka ili abaki kutafuta maisha. Bendi ikapata aibu, mialiko ikakoma, bendi yenyewe ikasimamishwa miaka kadhaa. Kwetu jina lake lilikuwa kosa. Ukichelewa mazoezi unaulizwa, "Unataka kutufanyia Ubeid?"

Hapo nimekwama. Sijui niiandike vipi.

Alhamisi, 19 Juni

Shifaa kanitumia sauti ndefu kutoka Muheza, anakoishi siku hizi. Nyuma kuku wanagombana.

"Mwanangu, mbona unaniuliza mimi habari za Ubeid? Yupo hukohuko. Mtoto wa dada yake anasema yuko Al Quoz, anatengeneza AC. Muulize mwenyewe. Na ukimwona, mwambie Shifaa anamsalimu."

Nimeisikiliza tena kwenye metro wakati wa kurudi. Miaka yote hii mimi na yeye tunapumua vumbi moja.

Jumapili, 22 Juni

Nimekwenda Al Quoz. Kutoka kituo cha basi hadi kwenye karakana nguo zilishanishika mgongoni. Ndani palikuwa na mafeni ya AC yamelazwa sakafuni, na mwanamume mrefu mwenye mvi kidogo alikuwa akiongea Kihindi na wenzake. Nilimjua kwa jinsi alivyosimama. Watu wa bendi hawainami kiunoni, wanakunja magoti.

"Asalaam alaikum. Kaka Ubeid?"

Akajibu salamu. Halafu akauliza, kwa Kiswahili, "Una AC mbovu?"

"Ninayo, lakini si hilo lililonileta. Natokea Chumbageni. Nilikuwa kwenye bendi."

"Bendi gani? Mimi sijui bendi." Akachukua bisibisi. "Kiangazi hiki tuna kazi nyingi, dada. Yalla, Mungu akujaalie."

Nikageuka. Nilikuwa nimeshafika kwenye lango, jua limenipiga usoni, aliponiita.

"Siku hizi ngoma kubwa anapiga nani?"

Jumatano, 25 Juni

Kliniki, basi, kulala.

Jumapili, 29 Juni

Ubeid kaja JVC na sanduku la vifaa, katengeneza AC. Kakataa chai hadi Irene alipomwambia, "Mzee, hapa chai si ya kuomba, ni lazima." Akacheka. Hakuongea habari za bendi hata kidogo. Alipomaliza aliuliza tu kama Shifaa aliolewa. Nikasema aliolewa, mume akafariki. Akafunga sanduku lake polepole.

Jumamosi, 5 Julai

Irene ameondoka. Mkataba umekwisha, hakuuongeza. Nimemsindikiza hadi kwenye teksi na masanduku yake.

"Aki Mwana, usikae hapo ndani ukiongea na ukuta. Toka toka kidogo."

"Nitatoka."

"Unadanganya vibaya sana, wewe."

Godoro lake limebaki na alama ya mwili wake. Nimelifunika shuka, halafu nikalifunua. Ndoo bado iko pale ingawa maji yameacha kudondoka.

Jumanne, 8 Julai

Nimesema "Good morning, sir" na "Please have a seat, madam" kutwa nzima. Nimefika nyumbani nikagundua leo sijatamka neno la Kiswahili.

Jumapili, 13 Julai

Nilimpelekea Ubeid wali wa nazi na samaki wa kupaka. Wenzake walikuwa wamelala juu, karakana iko kimya. Tulikula tumekaa kwenye makopo ya rangi. Alipofika katikati ya sahani akaanza kuongea bila kuulizwa.

"Wanasema nilitoroka. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulisema?"

"Nilisema, kaka. Sote tulisema."

Akatikisa kichwa, akaendelea kula kidogo. Halafu akanisimulia. Siku moja kabla ya safari ya kurudi, tumbo lilimshika. Alipiga gwaride la mwisho amejikunja, na watu walidhani anacheza. Usiku ule akapelekwa hospitali, akapasuliwa kidole tumbo. Asubuhi Afande Rafiq alikuja kumwona.

"Alisimama miguuni pa kitanda. Akaniambia, 'Ndege ni leo. Nina watoto wa watu, siwezi kuwaacha. Wiki hii nitatuma mtu aje kukuchukua.' Mimi nikamwambia, 'Naam, Afande.' Ningemwambia nini? Nilikuwa na miaka kumi na minane. Akatoka. Pasi zetu zote za kusafiria alizibeba yeye kwenye mkoba wake, na ya kwangu ilikuwemo. Akaondoka nayo."

"Na huyo mtu?"

"Ndio namngoja mpaka leo."

Mfagiaji wa hospitali, mama mmoja wa Kizanzibari, alimchukua nyumbani kwake akapona. Lakini hakuwa na karatasi, na bila karatasi hapa mtu anaishi kama panya. Aliandika barua kwao. Baba yake akajibu kwamba mtoto aliyetoroka asijifanye mgonjwa. Mama yake akafa hawajaonana. Serikali ilipotoa msamaha kwa wasio na vibali alijitokeza, akapata pasi mpya, akapata kazi, akawa fundi. Angeweza kurudi tangu zamani.

"Mbona hukurudi?"

"Nirudi nikanyooshewe kidole? 'Huyo ndiye aliyeua bendi.' Bora huku. Huku hakuna anayenijua."

Nikamwambia nitaiandika. Akaweka kijiko chini.

"Hapana. Andika nilikuwepo, nilipiga. Khalas. Yule mzee sasa ana zaidi ya miaka themanini. Usimvue nguo mbele ya watoto."

Jumatatu, 14 Julai

Afande alinifundisha kushika fimbo za ngoma. Alinivunja mkono wa kushoto kwa maneno hadi ukasikia. Baba yangu alipokataa nisiende mashindanoni Morogoro, ni Afande aliyekuja kukaa barazani kwetu tangu asubuhi hadi baba akakubali. Sijui namna ya kumweka mtu huyo na yule aliyesimama miguuni pa kitanda ndani ya mwili mmoja.

Jumapili, 20 Julai

Nimempigia Afande kwa Botim, simu ya video ya mtandaoni tunayotumia huku. Sikumwambia Ubeid. Mjukuu alimshikia simu, nikaona paji la uso tu na dari.

"Shikamoo, Afande. Mimi Mwanamkasi, wa ngoma ndogo."

"Marahaba! Mkono wa kushoto!" Akacheka hadi akakohoa. "Nasikia unatuandikia historia. Usisahau mapazia."

"Sijasahau. Afande, nimeonana na Ubeid."

Mjukuu alisogea, nikauona uso wake wote. Haukubadilika. Alimwambia mjukuu akamletee maji, akaishika simu mwenyewe, akangoja mtoto atoke.

"Anaumwa?" akauliza.

"Mzima. Ni fundi."

"Daktari alisema hawezi kusafiri. Nikasema nitatuma mtu. Nilipofika nikazunguka kila ofisi niliyoijua, hakuna aliyekuwa na mtu wa kutuma. Lakini hayo yalikuja baadaye." Akajifuta mdomo. "Tuliposhuka uwanja wa ndege, mama yake alikuwepo. Amevaa kanga mpya. Anamtafuta mwanawe kwenye mstari. Akaniuliza, 'Wangu yuko wapi?' Mwanamkasi, nimesimama mbele ya majenerali sikutetemeka. Siku ile sikuweza kumwambia yule mama kwamba nimemwacha mtoto wake kitandani na kidonda kibichi. Nikasema katoroka. Nilidhani nitarekebisha kesho yake. Kesho yake mji mzima ulikuwa unajua."

"Na pasi yake?"

"Ninayo. Iko kabatini, na sanda yangu."

Halafu akaongeza:

"Andika."

Jumapili, 27 Julai

Nilimweleza Ubeid nilivyozungumza na Afande. Sijawahi kumwona amekasirika vile. Hakupaza sauti. Alisema, "Nilikuomba kitu kimoja tu," akaingia ndani, akafunga mlango wa chuma. Nilisimama nje na bakuli la biriani hadi likaanza kuniunguza mikono, kwa jua au kwa moto wake, sijui. Nimempa mlinzi wa jengo la pili.

Jumatano, 30 Julai

Hapokei.

Jumapili, 3 Agosti

Vumbi limefunga mji, minara haionekani. Sikwenda popote. Nimeandika historia yote leo, kuanzia mapazia hadi leo, na habari ya Ubeid kama ilivyokuwa. Sikumtukana Afande. Nimeandika alikuwa peke yake na watoto wengi, nimeandika na kanga ya yule mama. Nilipomaliza nilisoma kwa sauti chumbani. Sauti yangu ilinishtua, imekuwa ndogo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeituma kwa Nabil.

Alhamisi, 7 Agosti

Nabil kapiga simu wakati wa mapumziko yangu. Nilitoka hadi kwenye ngazi za dharura.

"Dada, umeandika vizuri, Mungu akubariki. Ila kile kipande cha tisini na nane tutakitoa."

"Afande mwenyewe kasema niandike."

"Afande ni mzee. Siku ya mashindano tunamvalisha joho la heshima, dada. Mgeni rasmi atakuwepo, wafadhili watakuwepo. Tuwaambie mwanzilishi alimtelekeza mtoto hospitalini?"

"Lakini mtawaambia Ubeid alitoroka?"

"Hatutamtaja kabisa. Si bora hivyo?"

"Nabil, yule ana miaka ishirini na kitu anabeba jina hilo. Isomeni yote, au msiisome kabisa."

Akavuta pumzi. Alikuwa mdogo wangu kwenye bendi, nilimfunga kamba za viatu kabla ya magwaride. "Basi tutaandika wenyewe," akasema. "Wewe uko mbali, huelewi."

Huelewi. Nimerudi mapokezi nikampa mgonjwa fomu ya mtu mwingine.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeondolewa kwenye kundi la bendi. Hakuna aliyeniandikia kuniuliza. Nilikuwa nalifungua kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki, nasoma nani kaumwa, nani kajifungua. Leo asubuhi nimelifungua kwa mazoea. Ujumbe wa mwisho ni picha ya watoto wakijaribu kofia mpya.

Jumapili, 17 Agosti

Nimelala hadi adhuhuri.

Jumamosi, 23 Agosti

Nilikuwa natoka kazini, nikamkuta Ubeid amesimama nje ya kituo cha metro cha Oud Metha, kwenye kivuli chembamba cha nguzo, shati limelowa. Amengoja muda gani, hakusema.

"Shifaa kanipigia," akasema. "Kaniambia wamekutoa."

"Si kitu."

"Ni kitu." Akaangalia magari. "Mimi nilikuwa nakulinda wewe, ukadhani namlinda mzee. Najua ladha ya kutolewa. Sikutaka na wewe uionje."

Tukaingia kwenye mgahawa mdogo tukanywa chai ya maziwa. Alinifundisha jinsi walivyokuwa wanapumua ili tarumbeta lisikatike, na mhudumu akatutazama tukivimbisha mashavu kama wendawazimu. Nilicheka hadi tumbo likauma. Tangu Irene aondoke sijacheka hivyo.

Jumapili, 31 Agosti

Al Quoz, na wali. Ubeid anasema nimezidisha chumvi. Siku njema.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku ya mashindano. Niliomba kutoka mapema. Wenzake Ubeid walituachia karakana, wakawasha AC moja kati ya zile zinazongoja wenyewe. Tulitegemea Shifaa atuonyeshe uwanja kwa simu. Alipopiga, hatukuona uwanja. Tuliona sebule, kochi, na Afande Rafiq amevaa sare yake ya zamani iliyompwaya mabegani. Mbali tulisikia ngoma.

"Amekataa kwenda," Shifaa akasema. "Gari la kamati limekuja mara mbili kumchukua. Anasema joho havai mpaka azungumze kwanza na mtu."

Nilimpa Ubeid simu. Hakuipokea mara moja. Aliifuta mikono yake kwenye suruali, mbele na nyuma, halafu akaichukua.

"Naam, Afande," akasema.

Nilitoka nje nikafunga mlango. Joto la saa ile ni kama mtu anakubana mto usoni, lakini sikutaka kusikia. Kupitia kioo chenye vumbi nilimwona. Alikuwa amesimama. Visigino vimekutana, mgongo umenyooka, simu sikioni. Midomo yake ilisogea mara chache. Mara moja alifunga macho kwa muda mrefu. Sijui Afande alisema nini na sitamuuliza.

Alipofungua mlango uso wake ulikuwa umelowa na hakuuficha.

"Anataka nirudi," akasema. "Anasema ni amri."

Baadaye Shifaa akatuma habari. Afande hakwenda uwanjani kabisa. Joho alivalishwa mtoto wake. Historia iliyosomwa ilikuwa fupi, haikumtaja Ubeid. Chumbageni wameshika nafasi ya tatu. Moshi ndio wamechukua kombe.

Jumatano, 10 Septemba

Ubeid kaomba likizo, na arbab, bosi wake, kampa bila maneno. Hajawahi kuomba tangu aajiriwe.

Jumapili, 21 Septemba

Nimemsindikiza uwanja wa ndege. Alikuwa na sanduku dogo mno kwa mtu aliyekaa huku miaka yote hiyo. Mlangoni aliniuliza mara mbili kama shati lake liko sawa.

"Liko sawa, kaka."

"Wewe utafanya nini siku za Jumapili?"

"Nitapumzika."

Akaenda. Hakugeuka, nami nilifurahi kwamba hakugeuka, kisha nikakaa kwenye benchi la metro treni zikipita hadi mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Jumapili, 28 Septemba

Sikujua pa kupeleka wali. Nimekula peke yangu, nimesimama jikoni.

Alhamisi, 2 Oktoba

Leo asubuhi nimetoka nyumbani na hewa haikunichoma. Kiangazi kimevunjika.

Nilikuwa mapokezi, hakuna mgonjwa bado, Ubeid akapiga kwa Botim. Nyuma yake makelele ya watoto.

"Mwanamkasi! Niko kwenye mazoezi!" Alikuwa anapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Jana tumempeleka Afande makaburini kwa mama. Kapiga saluti, yule mzee, kashindwa kuushusha mkono, nimemshushia mimi. Halafu leo ananiambia niwafundishe hawa. Hawajui kupumua! Wanapuliza kama wanazima mshumaa! Nimeongeza likizo. Labda nitakaa hadi Desemba, labda zaidi, sijui. Subiri, subiri, usikate."

Akaiweka simu mahali, labda kwenye ukuta, maana niliona mbingu tu na waya wa umeme. Nikamsikia akiwaambia watoto wanyamaze. Nikasikia tarumbeta likitafuta sauti, likakosa, watoto wakacheka, naye akacheka nao. Akarudia. Safari hii sauti ilishika, ikasimama, ndefu na safi. Wakapiga makofi. Sauti ya kike, nadhani ya Shifaa, ikasema, "Haya tena, kutoka mwanzo." Ngoma zikaingia.

Alisahau kwamba niko kwenye simu.

Sikukata. Niliiegemeza kwenye kompyuta, nikapunguza sauti, nikasikiliza. Mkono wa kushoto wa ngoma ndogo ulikuwa unachelewa. Walizungumza, wakabishana juu ya mstari, mtu akaitwa aje kunywa maji. Hakuna aliyekuwa anazungumza na mimi. Nilikaa nao hivyo hivyo, hadi mlango wa kioo ukafunguka na mwanamume akaingia ameshika taya. Nikailaza simu kifudifudi bila kuikata.

"Good morning, sir," nikasema. "Please have a seat."